Bandani mwa Nani

Banda la Şakir lilikuwa limechimbwa kwa mara ya pili, safari hii mpaka kwenye mwamba, na kilichotoka humo ni mifupa ya mbwa. Askari wa jandarma, jeshi la usalama wa vijijini, waliitandaza juu ya turubai. Daktari wa wilaya aliinama, akaligeuza fuvu kwa ncha ya kalamu, akasema ni mbwa, tena wa zamani sana, kisha akarudi garini kupasha mikono moto.

Sajini Meja Tahsin Oruk alibaki mlangoni. Ng'ombe wa Şakir walikuwa wamefungwa nje kwenye theluji ili kupisha uchimbaji, na mmoja alishalala chini, hataki tena kuinuka. Ng'ambo ya barabara wanawake wa kijiji cha Kuruözü walijipanga ukutani. Mbele yao alisimama Bi Döndü, mjane wa juzi, mama wa kijana anayetafutwa. Alishika jiwe mkononi, ila hakulirusha. Nyumba ya Şakir haikuwa na kioo cha dirisha kilichosalia.

"Afande, umempata?"

"Bado, mama."

"Basi chimba tena."

"Tumefika kwenye mwamba."

"Chimba mwamba."

Tahsin aliwaamuru askari warudishe udongo na kuwaingiza ng'ombe ndani. Bi Döndü alisubiri mpaka beleshi la kwanza likarudisha udongo shimoni, ndipo akageuka na kwenda zake, na wale wanawake wakamfuata.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Hıdır, mwana pekee wa Döndü na mumewe Satılmış, alitoweka mwanzoni mwa baridi. Aliondoka nyumbani asubuhi, akasema anakwenda mjini, na mjini hakufika. Kwa wiki kadhaa baba yake alizunguka milimani kumtafuta. Kisha Satılmış mwenyewe akaokotwa kando ya barabara, mkabala na shamba la Şakir, kichwa kimepasuka na pua imevunjika. Dereva wa basi dogo ndiye aliyemwona. Wakati anasimamisha gari alimkuta Cafer, mdogo wake Satılmış, amepiga magoti pale pale, akilia. Wawili hao wakampakia, wakampeleka kliniki ya mjini.

Satılmış alifumbua macho mara moja tu. Cafer alieleza kwamba kaka yake alimtaja kwanza aliyempiga, naye ni Şakir, jirani ambaye familia za ndugu hao wawili ziligombana naye miaka mingi kwa ajili ya malisho. Baadaye akasema maneno mawili ambayo hata muuguzi, aliyekuwa akiingia na dripu, aliyasikia. Hıdır ahırında. Kabla ya alasiri alikuwa amekata roho.

Ahır ni banda la ng'ombe. Katika Kituruki maneno kama "lake" na "ndani ya" hayasimami peke yake. Ni mikia, na hubandikwa nyuma ya jina, mmoja juu ya mwingine, mpaka neno moja linabeba sentensi. Hıdır yumo bandani mwake. Mwake nani? Yule aliyetajwa punde. Cafer alielewa hivyo, na kijiji kizima kikaelewa hivyo, na hakimu akamweka Şakir mahabusu.

*

"Soma tena," alisema Bi Leman.

Alikuwa mwendesha mashtaka wa wilaya, mwanamke wa Edirne, mwembamba, anayevuta sigara bila kuimaliza. Walikuwa ofisini kwake, jiko la chuma likinguruma pembeni. Tahsin alisoma maelezo ya Cafer kama yalivyopigwa taipu.

"Ahırında," Bi Leman alirudia. "Kwa maandishi haya mimi naweza kusoma 'bandani mwake'. Naweza pia kusoma 'bandani mwako'. Mkia ni ule ule."

"Niliona tangu siku ya kwanza, Mheshimiwa. Lakini alianza kwa kumtaja Şakir."

"Nani alimsikia akimtaja Şakir?"

"Cafer."

"Muuguzi je?"

"Muuguzi aliingia baada ya hapo."

"Kwa hiyo tumelichimba banda la mtu, ng'ombe wake wanakufa kwa baridi, kwa mdomo wa mtu mmoja."

"Cafer ni ndugu wa damu. Alimbeba kaka yake kwa mikono yake."

"Dereva alikuwa amesimama anamtazama, Sajini. Ulitaka afanye nini, akimbie?"

Tahsin aliikunja karatasi. Nje, kwenye korido, mtu alikuwa akikung'uta theluji viatuni.

"Hakimu hatanipa hati ya kupekua nyumba ya mfiwa kwa sababu neno lina maana mbili," Bi Leman aliendelea. "Atanicheka. Nitafutie kitu kingine. Nani mwingine ana masikio katika kesi hii?"

"Yule muuguzi tu."

"Basi chukua kofia yako."

*

Muuguzi aliitwa Filiz, binti wa pwani ya Aegea, na kliniki hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Walimkuta akiosha vyombo vya chuma kwenye sinki. Hakuacha kuosha.

"Nimeshawaambia askari wako. Hıdır ahırında. Niseme mara ngapi?"

"Usiniambie alichosema, binti," Tahsin alisema. "Niambie alivyosema. Mwige."

"Nimwigize maiti?"

"Nakuomba."

Filiz alifunga bomba. Alifuta mikono kwenye aproni, akatazama sakafu, akaishusha sauti mpaka ikawa nzito na ya kukwaruza.

"Hıdır ahırıng'da."

"Tena."

"Ahırıng'da. Ilitoka puani namna hiyo. Nilikuwa nimemjaza pamba, si unajua pua ilikuwa imevunjika. Nikajua ni pamba hiyo."

Bi Leman, aliyekuwa dirishani akitafuta pa kuzimia sigara, aligeuka.

"Sajini, wewe unasema hivyo."

"Mimi?"

"Ukiongea na mama yako kwa simu. Nakusikia kupitia ukuta kila wiki. Ukiongea nami husemi hivyo, lakini ukiongea na mama yako inatoka hiyo hiyo, ya puani."

Katika vijiji vya milima ile, kijijini kwao kikiwamo, mkia wa "yako" hutamkwa kwa ng', ile ya ng'ombe. Mkia wa "yake" hutamkwa kwa n ya kawaida. Mtoto anayejifunza kusema hazichanganyi, kama asivyochanganya mkono wake na mkono wa mwenzake. Lakini Kituruki cha redio hakina ng' hiyo, na alfabeti haina herufi yake, na anayeitoa darasani au kambini huchekwa mpaka aiache. Tahsin aliiacha getini siku alipoingia chuo cha jandarma. Tangu hapo huichukua anapokwenda likizo na kuirudisha anaporudi kazini. Kama Satılmış alisema ng', basi hakumaanisha bandani mwake. Alisema bandani mwako, na alikuwa akimwambia mtu.

"Inaweza kweli kuwa pamba," Tahsin alisema polepole. "Mtu aliyezibwa pua hutoa kila sauti vibaya. Binti, alisema neno lolote lingine?"

"Ndiyo."

"Mbona halimo kwenye maelezo yako?"

"Askari aliniuliza kuhusu banda. Nikajibu kuhusu banda." Filiz alivuta pumzi. "Alisema, anasına gösterme."

Usimwonyeshe mama yake.

"Mwige na hapo."

"Anasına gösterme," alisema Filiz kwa sauti ile ile ya kukwaruza, kisha akanyamaza ghafla, akajisikiliza.

"Pua iko wapi hapo?" aliuliza Tahsin.

"Haipo. Ilitoka safi. Nilimwelewa mara moja."

"Anasına. Mama yake, mkia wa 'yake', n safi kama yangu na yako. Na kabla ya hapo ng'."

"Na pamba ilikuwa ile ile," alisema Bi Leman.

Filiz alikuwa amelishika sinki kwa mikono miwili.

"Alikuwa anamtazama nani?" Tahsin aliuliza.

"Ndugu yake. Alikuwa ameketi kitandani, amemshika mkono. Aliposikia hayo akaniambia nikimbie nikamwite daktari. Nikakimbia. Niliporudi na daktari mzee alishakufa." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sikupaswa kutoka?"

"Ulifanya kazi yako," alisema Bi Leman. "Hilo la daktari tutalirudia baadaye. Vaa koti, twende ukayarudie maneno hayo mbele ya hakimu. Kama ulivyoyaiga hapa. Usione haya."

*

Nyumba ya Cafer ilikuwa bado ya matanga. Viatu vya wanaume vilijaa mlangoni, na ndani walikuwa wamekaa kwenye magodoro kuzunguka ukuta, chai ikipita. Cafer, mtu mnene mwenye masharubu meupe na shati lililofungwa mpaka kooni, aliinuka kumpokea Tahsin na kumketisha juu, mahali pa heshima. Alipomwona Bi Leman aliwaambia wanaume wampishe nafasi. Dakika chache baadaye wengi wao walikuwa wametoka kuvuta sigara.

Safari hii Tahsin hakuanza kwa lugha ya ofisini. Alianza kwa lugha ya mama yake, pamoja na Ağa, neno la heshima kwa wanaume wa kijijini.

"Pole tena, Cafer Ağa. Nyumba imekuelemea."

Cafer aliinua kichwa. "Kumbe afande ni wa milima hii hii?"

"Nyuma ya kilima cha pili tu. Babu alikuwa akiuzia kondoo huku."

"Haya sasa. Miezi yote hii unaongea kama taarifa ya habari."

"Mshahara ndio unaongea vile. Bandani mwako mna wanyama wangapi msimu huu?" Alilitamka neno kwa ng', bila kulikazia.

"Bandani mwangu mna wachache. Nyasi zilikuwa mbaya."

"Na bandani mwake Şakir?" Hapo aliweka n.

"Bandani mwake?" Cafer naye aliitoa n, laini, bila kufikiri. "Mwake walikuwa wengi, mpaka ninyi mlipowatoa kwenye baridi. Mungu anajua kulipa."

"Hebu nisaidie jambo moja, niandike vizuri. Marehemu alisemaje hasa? Maneno yake yenyewe."

Cafer aliiweka gilasi yake kwenye kisahani. "Hıdır ahırında."

"Kwa n."

"Kwa n. Bandani mwake."

"Muuguzi alisikia ng'."

Cafer alicheka kidogo kupitia masharubu. "Afande. Msichana wa baharini anajua nini kuhusu ng' yetu? Kwao haipo. Na kaka yangu pua ilikuwa imesagika."

"Nami niliwaza hivyo. Kwao haipo, kwa hiyo hawezi kuitunga. Akiitoa, ameisikia. Na baada ya hapo marehemu alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikufa."

"Hakusema anasına gösterme?"

Wanaume wawili waliobaki karibu na mlango waliacha kunong'ona. Cafer aliinua gilasi, akaona imekwisha, akairudisha.

"Alisema," alijibu. "Niliacha kwa huruma. Shemeji yangu amefiwa na mume, mwana hajulikani alipo. Nimpelekee na hilo?"

"Ulituficha sisi, si shemeji yako," Bi Leman aliingilia. "Sisi tusingemwambia."

"Mimi ni mkulima, bibi. Sijui mambo ya kuandika."

"Cafer Ağa," Tahsin alisema, "nimekaa na maneno hayo njia nzima. Usimwonyeshe mama yake. Hakusema wasimwonyeshe, alisema usimwonyeshe. Alikuwa akimwambia mtu mmoja. Muuguzi alikuwa mlangoni, hata jina la Hıdır hakuwa analijua. Şakir alikuwa kwake. Wewe ulikuwa umemshika mkono. Na mtu hawezi kuombwa asionyeshe maiti ambayo hana."

Sauti ya Cafer ilibadilika, ikawa kavu.

"Utasimama mbele ya hakimu na pua ya marehemu?"

"Tulishasimama," alisema Bi Leman. Alitoa hati ya upekuzi mfukoni mwa koti na kuiweka kwenye sinia la chai, kati ya gilasi. "Sajini alitaka kwanza akusikie mwenyewe ukisema."

*

Banda la Cafer lilikuwa nyuma ya nyumba, limejengwa kwa mawe, lina joto la wanyama na harufu kali ya samadi. Askari waliwatoa ng'ombe na kuwafunga ghalani, ndani, kwa amri ya Tahsin. Kisha akaingia peke yake na tochi.

Sakafu ilikuwa udongo uliokanyagwa na kwato kwa miaka mingi mpaka ukawa mgumu kama tofali. Ukutani upande wa mlango palikuwa na alama ndefu, nyeupe kuliko mawe mengine, kiasi cha urefu wa mtu na nusu. Kitu kizito kilikaa hapo zamani na sasa hakipo. Alizunguka na tochi mpaka akaliona hori la kulishia, la mbao nzito, limesogezwa upande wa pili, kwenye kona ambayo ng'ombe hawaifikii vizuri. Hakuna mfugaji anayeweka hori kwenye kona.

Aliwaita askari wanne waliinue. Chini yake alipiga sululu mara moja, nayo ikazama mpaka mpini.

"Taratibu," alisema. "Tumieni mikono."

Walimpata akiwa amelala ubavu, amefunikwa kwa gunia. Baridi ilikuwa imemhifadhi. Daktari hakuhitaji kalamu safari hii. Alivua kofia, akaonyesha kisogoni, akasema pigo moja tu, kwa kitu kizito, na kijana hakumwona aliyempiga.

Cafer alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba kati ya askari wawili. Tahsin alipotoka, Cafer alianza mwenyewe kusema bila kuulizwa, akiitazama theluji.

"Kijana alitaka kuja kwako."

"Kwangu?"

"Kituoni. Kueleza kwamba ni mimi niliyechoma nyasi za Şakir ule mwaka juzi. Aliniona. Alikaa nayo rohoni mwaka mzima, kisha akaniambia, baba mdogo, nenda mwenyewe ukaseme, ama nitasema mimi. Kwa ajili ya Şakir. Mimi baba yake mdogo, yule mtu baki."

"Na kaka yako?"

"Alikuja kuazima kamba." Cafer alifuta masharubu kwa kiganja. "Hori hilo tulilijenga sisi wawili, tukiwa vijana, na baba. Alipoingia akaniuliza kwa nini nimelihamisha. Nilimwambia ukuta unavuja. Akautazama ukuta. Akautazama tena. Kisha akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kucha. Nilimwambia toka, kaka. Nilimwambia mara nyingi. Baadaye nikambeba mpaka barabarani, kwa Şakir."

"Na kliniki?" aliuliza Bi Leman. "Muuguzi alipotoka?"

Cafer alinyamaza. Waliporudia swali bado alinyamaza, na hata garini, na hata siku nyingine zote zilizofuata, kwa swali hilo hakufungua mdomo.

*

Tahsin alimrudisha Şakir nyumbani kwa gari la kituo, yeye mwenyewe akiendesha. Şakir alikuwa mtu mrefu aliyepungua sana mahabusu, na shavu lake moja lilikuwa bado na rangi ya zambarau. Mahabusu wenzake walikuwa wamesikia anashukiwa kumuua kijana. Walikuwa wamepita mashamba mengi alipouliza.

"Wangapi wamekufa?"

"Wawili. Wa tatu ameinuka jana."

"Yupi ameinuka?"

"Yule mwenye baka jeupe shingoni."

Şakir aliitikia kwa kichwa. "Huyo ni mkaidi."

"Şakir Ağa, mimi ndiye niliyeagiza banda lako lichimbwe. Mara zote mbili. Nimeandika hivyo kwenye taarifa."

"Vizuri. Najua kusoma." Hakugeuka kumtazama. "Sina la kukwambia, afande. Usiniombe nikusamehe ndani ya gari, nitakosa pa kukimbilia."

Walipofika kwenye makaburi ya Kuruözü, juu kidogo ya kijiji, aligonga kioo kwa kidole. "Simama hapa."

Pembeni mwa kaburi jipya la Satılmış, imamu na wazee wawili walikuwa wamesimama juu ya mstari wa kaburi la Hıdır uliochorwa kwenye theluji. Kulikuwa na sululu moja, na mmoja wa wazee alikuwa akiinyanyua na kuishusha huku ardhi iliyoganda ikimrudishia cheche. Wanaume wa ukoo hawakuwepo. Wapwa wa Cafer walikuwa wamejifungia majumbani kwa aibu, na waliobaki waliogopa kuonekana wako upande upi. Bi Döndü alikuwa ameketi juu ya jiwe, kitambaa cheusi kimefungwa mpaka kidevuni, akiutazama ule mstari.

Şakir alishuka. Alivua koti, akalitundika kwenye ukuta wa mawe, akaenda moja kwa moja na kuichukua sululu mikononi mwa yule mzee. Mzee aliiachia. Şakir alitema mate kwenye viganja, akapiga. Akapiga tena. Hakuna aliyemsalimia na hakumsalimia mtu. Tahsin alileta beleshi kutoka garini, akasimama nyuma yake kuondoa mabonge yaliyong'oka.

Walifanya kazi muda mrefu, mpaka Şakir akawa ndani ya shimo kufika magotini na shati limemgandia mgongoni. Hapo ndipo Bi Döndü alipoinuka. Wazee walisogea. Alikuja mpaka ukingoni, akasimama juu ya mtu ambaye yeye alimlaani mbele ya kijiji kizima tangu mumewe afe.

Şakir aliinua uso, sululu mkononi, akasubiri.

"Panua huku juu, Şakir," alisema. "Mabega yake yalikuwa mapana."

"Haya, dada Döndü," alisema Şakir, akahamia upande wa kichwa na kuanza kupanua.